Aliyegonga Ana Deni

Asubuhi nafundisha somo la dini, jioni nafundisha raga, katika shule moja ya wavulana kati ya Litein na Bomet. Wako wazee katika kanisa letu wanaoona kwamba kazi ya jioni inabomoa iliyojengwa asubuhi. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana, alinisimamisha baada ya ibada akaniuliza bila kuzunguka: “Mwalimu, unamfundishaje mtoto kwamba mwili wake ni hekalu la Roho Mtakatifu, halafu saa kumi unamtuma akamgonge mwenzake mpaka alale?” Ni swali la haki, na linahitaji jibu refu kuliko lile linalotolewa mlangoni pa kanisa watu wakikimbia mvua.

Nianze kwa kukubali kwamba mzee amesikia vizuri. Ndivyo ninavyowatuma. Katika raga, anayevaa namba kumi ndiye mwenye hesabu ya timu. Mpira ukitoka kwenye skramu unamfikia yeye mapema, naye anaamua papo hapo: aupige teke, aupitishe au akimbie nao. Kazi ya namba saba wangu ni kufika kwake pamoja na mpira. Bega liingie chini ya mbavu, mikono ifunge mapaja, miguu iendelee kusukuma mpaka wote wawili wawe chini. Namba kumi akigongwa hivyo mara kadhaa mapema, huacha kuutazama mpira akaanza kumtafuta mtu. Mikono inamlegea, anapiga teke kabla ya wakati, na mpira unaishia kwenye chai ya jirani. Uwanja wetu umepakana na chai upande mmoja, na kijana anayetumwa kuufuata lazima apite ubavu katikati ya mistari, maana akivunja matawi tutagombana na mwenye shamba. Kila mpira unaoingia humo ni ushindi mdogo kwetu, na umepatikana kwa hofu iliyotiwa kwa makusudi katika mwili wa mtoto wa mtu.

Kandanda ya Marekani imelifanya jambo hili kuwa kiini cha mchezo. Huko kuna kwotabeki, ambaye hupokea mpira karibu kila mara mchezo unapoanza upya, akarudi hatua chache nyuma na kusimama akimtafuta mwenzake wa kumrushia. Akisimama hivyo macho yake yako mbali, mkono uko juu, mbavu ziko wazi. Wapo wanaume wenye kilo zaidi ya mia moja wanaolipwa ili wamfikie katika hali hiyo hiyo. Mwaka 2013 Mkenya aliingia katika kundi lao. Daniel Adongo, aliyekuwa akicheza raga Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts bila kuwahi kuucheza mchezo ule, akawekwa katika nafasi ya wale wanaomvamia kwotabeki kutoka pembeni. Kwa hiyo swali la mzee haliwahusu wageni peke yao. Kijana hodari wa hapa naye anaweza kulipwa kwa kazi hiyo.

Vijana wangu wana jibu lao, nao hulitoa haraka: namba kumi amekubali. Hakuna aliyemshika mkono akamwingiza uwanjani. Ameweka kinga ya meno mwenyewe, na akipata nafasi naye atagonga. Jibu hili lina uzito. Mtu anaweza kuridhia maumivu kwa ajili ya kitu anachokithamini. Anayesema kila maumivu ya hiari ni dharau kwa hekalu la Mungu itabidi awakemee hata wakimbiaji wetu wa Bonde la Ufa, na sijasikia mzee yeyote akipendekeza hivyo, hasa wanaporudi na fungu la kumi.

Lakini ridhaa ina mpaka. Steve Thompson alikuwa kwenye mstari wa mbele wa Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia la raga mwaka 2003. Desemba 2020, akiwa na miaka 42, alieleza hadharani kwamba amepatikana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba hakumbuki kushinda kombe lile. Nani aliridhia hilo? Aliyetia saini ni kijana wa miaka ile, na anayelipa ni mtu aliyekuja baadaye, pamoja na mke na watoto ambao hakuna aliyewauliza chochote. Ridhaa ya kijana inatosha kwa maumivu ya leo na hata kwa mkono uliovunjika. Haimpi haki ya kumuuza mzee ambaye bado hajawa.

Jibu la pili ni la wenye ligi: sheria zipo. Ni kweli. NFL, ligi ya kulipwa ya kandanda ya Marekani, inakataza kumgonga kwotabeki kichwani. Kwotabeki Tom Brady alipoumizwa goti mwaka 2008, msimu uliofuata sheria ya kumlinda chini ya magoti ilikazwa. Kwotabeki mwingine, Aaron Rodgers, alipovunjika mfupa wa mtulinga mwaka 2017, mwaka uliofuata marefa waliagizwa kumwadhibu anayemwangukia kwotabeki kwa uzito wake wote. Sheria hizi ni nzuri, na sina ugomvi nazo. Natazama tu nani aliumia ndipo zikakazwa: wachezaji ghali kuliko wote.

Mike Webster hakuwa kwotabeki. Alikuwa senta wa Pittsburgh Steelers, yule anayeinama na kumpa kwotabeki mpira kupitia katikati ya miguu yake, halafu papo hapo anakipokea kishindo cha mtu aliye mbele yake ili mwenzake nyuma apate muda wa kufikiri. Alicheza misimu 17. Alikufa mwaka 2002 akiwa na miaka 50, akili zimemvurugika, baada ya vipindi vya kulala ndani ya gari lake. Aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Mwafrika, Dkt. Bennet Omalu kutoka Nigeria. Alipochapisha alichokiona, yaani ubongo ulioharibiwa na mapigo, mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi walitaka makala yake iondolewe. Fidia ya wachezaji wastaafu ilipokuja hatimaye, katika suluhu iliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2015, vipimo vilivyotumika vilichukulia kwamba mchezaji mweusi huanza na uwezo mdogo wa akili, hivyo ikawa vigumu zaidi kwake kuonyesha kwamba amepoteza kitu. Wastaafu wawili weusi walishtaki mwaka 2020, na mwaka 2021 ligi ikaahidi kuacha hesabu hiyo. Yaani hata baada ya kugongwa sawa, kichwa kimoja kiliuzwa bei ya chini kuliko kingine.

Hapa kwenye chai hatuhitaji kusafiri hadi Pittsburgh ili tuelewe. Zaidi ya wachumaji elfu moja wa Kericho walipeleka madai hadi mahakama ya Edinburgh dhidi ya kampuni ya chai ya James Finlay Kenya, wakisema kwamba migongo yao iliharibiwa na kazi ya kuinama na kubeba. Kampuni ilipinga, na mwaka 2023 majaji wa rufaa waliisimamisha kesi ili wadai wapitie kwanza mfumo wa fidia wa Kenya. Nani ana haki pale si kazi yangu kuamua. Nataja kesi hiyo kwa sababu swali lake ni lile lile la uwanjani: mwili ukitumika kwa ridhaa, kwa mshahara, kwa mujibu wa sheria, halafu baadaye ukashindwa kunyooka, ni nani anayedaiwa?

Sasa nifungue Kitabu ambacho mzee na mimi tunakisoma pamoja. Wakristo wengi, wakitaka kuujadili mwili, hukimbilia barua za Paulo kwa Wakorintho. Mimi humpeleka msikilizaji Kutoka, sura ya 21, penye sheria kavu ambazo hazihubiriwi sana. Mle kuna kisa cha watu wawili wanaogombana, mmoja akampiga mwenzake kwa jiwe au kwa ngumi, asife ila akalazwa kitandani. Yule mgonjwa akiinuka na kutembea nje kwa mkongojo, aliyempiga anaachiliwa. Hata hivyo ni lazima amlipe muda aliopoteza na ahakikishe ameuguzwa mpaka akapona kabisa.

Tazama vizuri kilichofanyika hapo. Adhabu imeondolewa na malipo yamebaki. Sheria imetenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya kila Jumamosi: kosa na deni. Refa akitazama saa yake na kuashiria mchezo uendelee, amesema hakuna kosa. Hajasema hakuna deni, wala hana mamlaka ya kusema hivyo. Na ikiwa mtu aliyepiga kwa hasira katika ugomvi, akishaachiliwa, bado anamuuguza mwenzake, mimi nitakwepaje ambaye namfundisha kijana kugonga kwa utulivu, kwa mazoezi, huku nikishika kipenga?

Kuna atakayesema kwamba deni bila kosa ni dhuluma; kwa nini asiye na hatia alipe? Wazee wa Kipsigis wasingeelewa pingamizi hilo. Mtu alipouawa, ukoo wa muuaji ulitoa ng'ombe kwa ukoo wa marehemu, na kijana ambaye siku hiyo alikuwa amelala kwao Sotik hakusema kwamba yeye hakushika rungu. Nyumba moja imepungukiwa kwa mkono wetu, na sisi ndio tutakaoijaza. Kulipa hakukuwa kukiri kwamba wewe ni mwovu. Kulikuwa ndiyo njia ya kubaki majirani. Ninaposema aliyegonga ana deni, nasema jambo ambalo sura ile ya Kutoka na babu zangu wangelikubali bila kujuana.

Mwenye kulijua hili moyoni hahitaji kufundishwa. Tarehe 18 Novemba 1985, mbele ya runinga za Marekani nzima, Lawrence Taylor wa New York Giants alimwangusha Joe Theismann, kwotabeki wa Washington. Mguu wa Theismann ulivunjika, mfupa ukatokeza nje. Hakuna sheria iliyovunjwa. Taylor alikuwa mgongaji wa kuogopwa kuliko wote wa enzi zake, na katika sekunde ile aliruka juu akaanza kupunga mikono kwa nguvu, akiwaita madaktari waje. Theismann hakucheza tena maisha yake yote. Ukinitaka nikuonyeshe mtu aliyegonga kwa nguvu zote na bado akamheshimu aliyemgonga, nitakuonyesha zile sekunde.

Kinyume chake nacho kina jina na tarehe. Kati ya mwaka 2009 na 2011, ndani ya timu ya New Orleans Saints kulikuwa na mfuko wa siri. Ukimgonga mpinzani akatolewa uwanjani kwa kubebwa, dola 1,000. Asiporudi kabisa, 1,500. Ligi ilipoufichua mwaka 2012, kocha mkuu Sean Payton alifungiwa msimu mzima. Watu wengi walisema uovu wa mpango ule ulikuwa nia ya kuumiza, na ni kweli. Mimi naona uovu mwingine chini yake. Deni liligeuzwa. Aliyepaswa kulipa alilipwa, na kipimo cha malipo yake kilikuwa kitanda cha mwenzake.

Kosa lenyewe, kwa hiyo, naliweka wapi? Siliweki kwenye nguvu. Kijana anayegonga nusunusu huumia mwenyewe na kumuumiza mwenzake, kwa sababu mwili wake unabaki wima na mikono haifungi. Siliweki hata kwenye hofu ninayotaka namba kumi aipate. Hofu hiyo inaisha kipenga cha mwisho kikilia, na wengi hucheka pamoja wakila maandazi kando ya basi. Naliweka hapa: namba kumi, na kwotabeki zaidi yake, hakuoni. Kazi yake inamlazimu atazame kwingine. Mabondia wawili hutazamana, na kila mmoja analinda taya lake. Huyu hawezi kuzilinda mbavu zake. Akikupa ubavu namna hiyo, amekukabidhi ulinzi wake, atake asitake, na wewe unayemjia kwa kasi ndiye mtu pekee anayeweza kuchagua bega litue wapi. Kulielekeza kichwani, au kufika mpira ukiwa umeshaondoka, ni kumsaliti mtu aliyekuwa mikononi mwako. Hilo ndilo ninaloliita dhambi, na kwa hilo namtoa mchezaji wangu mwenyewe kabla refa hajaingiza mkono mfukoni.

Mengine yote ni deni. Msimu mmoja wa mvua ndefu, namba saba wetu alimgonga namba kumi wa shule jirani. Bega lilikuwa mahali pake, mikono imefunga, refa hakuona kasoro, na mimi nilikuwa karibu nikaona vilevile. Kichwa cha kijana kilipiga ardhi. Alikaa, akauliza tunacheza na nani, akauliza tena. Tulimpeleka hospitali ya Tenwek kwa gari la mwalimu wa kilimo, matairi yakiteleza mpaka tulipofika kwenye lami. Daktari alimpima, akasema ni mtikisiko wa ubongo, alale wodini usiku huo, na mtu awe karibu wa kuwaita wauguzi akitapika au akianza kuchanganyikiwa. Mama yake alifika jioni moja kwa moja kutoka kituo cha kununulia chai, viatu vya mpira bado miguuni. Alinisalimu kwa adabu, “Chamge, Mwalimu,” kisha akaniambia: “Nimeacha wadogo wawili nyumbani peke yao. Nani atakaa naye?”

Namba saba alikuwa amesimama nyuma yangu, jezi imekauka matope. Alisema, “Mama, nitakaa mimi.” Mama alimtazama, akauliza ni mtoto wa nani, akajibiwa, akauliza kama ndiye. Kijana akasema ndiye. Mama akavua shuka lake la begani akampa, akamwambia wodi ile ina baridi. Asubuhi niliwakuta wakibishana ule mpira ulikuwa wa nani.

Sikumtuma kijana yule, wala sitadai kwamba somo langu la dini lilimtuma. Ila tangu siku hiyo ni kanuni katika timu yetu: aliyegonga anakaa. Kama mwenzake hawezi kucheza kwa zile wiki tatu ambazo kanuni za raga zinamtaka apumzike na kurejea polepole, aliyegonga ndiye anayempelekea madaftari ya masomo aliyokosa. Vijana wengine waliona ni adhabu. Niliwaambia adhabu hupewa mwenye kosa, na hapa hakuna mwenye kosa.

Lakini kanuni ya wavulana wa shule haitoshi, na hapa ndipo sura ile ya 21 inapokuwa kali. Mbele kidogo inaleta habari za ng'ombe anayepiga watu pembe. Akimuua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe anauawa na mwenyewe hana hatia. Ng'ombe akiwa na mazoea hayo, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, hatia inahamia kwa mwenye ng'ombe. Kwetu, ambako kila boma linajua ni dume gani halipitiwi karibu, sheria hiyo haihitaji mfasiri. Pigo moja ni ajali ya uwanjani. Pigo linalojulikana, linalopangwa kwenye ratiba na kuuzwa kwa tiketi, lina mwenyewe, na mwenyewe ameshaonywa. Wakuu wa NFL hawawezi kusema baada ya mwaka 2005 kwamba hawakusikia. Wakuu wa raga duniani walikaza adhabu za kugonga kichwa mwaka 2017, na kwa kufanya hivyo walithibitisha kwamba wanamjua ng'ombe wao.

Watazamaji nao hawatoki bila kuguswa. Augustino wa Hippo anasimulia katika Maungamo yake habari za rafiki yake Alipio, ambaye marafiki walimvuta kwenye uwanja wa wapiganaji kule Roma. Alikaa amefumba macho, akidhani hilo linatosha. Umati ulipopiga kelele, aliyafumbua, na hakuweza kuyafumba tena. Kelele ndizo zilizomshinda. Mimi nazisikia kelele hizo pembeni mwa uwanja wetu, kutoka kwa wazazi, walimu na hata washirika wa kanisa, na huwa kubwa zaidi mtu anapolala kuliko mtu anapofunga. Anayeshangilia pigo amejiandikisha katika ukoo wa aliyepiga. Mchango wa matibabu ukipita, asitoe visingizio.

Hilo ndilo jibu langu kwa mzee. Raga siizuii, na vijana nitaendelea kuwafundisha kugonga kwa nguvu, chini, na mpira ukiwa bado mikononi mwa mwenzao. Ninachoomba kikao cha wazee kiangalie si ukali wa bega. Kiangalie kama pana machela pembeni mwa uwanja, mtu anayejua dalili za mtikisiko wa ubongo, bima iliyolipwa, na jina la mtu mmoja aliyeandikwa kwamba usiku huo atakaa wodini. Shule isiyo na gari la kumpeleka mtoto wa wenzao hospitalini Jumamosi jioni haina haki ya kuwa na namba saba hodari.